Biblia Iliyobaki Kwenye Kibanio

Leo ni Jumatano, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mawingu yametanda tangu alfajiri na mvua bado haijaamua. Saa kama hii mwaka jana, siku ya Jumanne, chini ya mawingu kama haya, ulivuta pumzi kwenye kitanda cha dirishani hospitali, Baba, ukaishia hapo. Mwaka umetimia. Tumeuhesabu siku kwa siku, na bado hatujui umepitaje.

Ulikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Wateja walikuita Bwana Keshokutwa, kwa kuwa hakuna aliyeleta kitabu akaambiwa siku nyingine. Mtu akikusihi sana akichukue kesho, ulimjibu kwa upole, "Gundi haijui haraka yako, ndugu yangu." Chumba chako kilikuwa nyuma ya jiko: meza moja, dirisha moja, sindano sita zilizochomekwa kwenye kizibo, na kile kibanio cha mbao mbili nzito na skrubu ya chuma, kilichokandamiza vitabu hadi vikauke. Gundi uliipika kwa unga katika sufuria ya uji, mpaka siku ile kaka yetu alipojipakulia bakuli zima akala nusu. "Leo uji umekolea," akasema. Mama alicheka hadi akakaa chini. Wewe uliuliza tu kama iliyobaki ingetosha jalada moja.

Hukuanzia chumba hicho. Kwa miaka kumi na tisa ulikuwa msimamizi wa ujalidi katika masjala kubwa, ukiwa na vijana wanne chini yako na koti la kazi lenye jina mfukoni. Siku moja mkuu wa masjala alikuletea daftari la wamiliki wa viwanja. Alitaka ulifumue, kurasa mbili zitoke, mbili nyingine ziingie, na uzi urudi kwenye matundu yale yale.

"Fundi, kwa mikono yako, nani atajua?" alikuuliza.

"Mikono yangu inaweza, mkuu," ulimjibu. "Mimi ndiye siwezi."

Hukupiga kelele wala kumtangaza mtu. Juma lile lile ulipewa barua ya mistari minne ya kukuachisha kazi. Ulikuja nayo nyumbani ukaiweka mezani, ukasema umeomba na moyo wako umetulia, kwamba Mungu anaona na atatengeneza kwa wakati wake. Mama aliisoma mara mbili. "Haya," akasema. "Na hiyo dhamiri yako, Baba Watoto, tutaila na mboga gani?" Ulichukua ndoo ukaenda kuchota maji, na tangu siku hiyo maji ya nyumba hii uliyachota wewe.

Ukweli usemwe, kwa kuwa hukupenda maneno yaliyopakwa rangi. Miaka kumi na miwili iliyofuata haikuwa myepesi. Kitanda kikubwa kiliondoka, kisha kabati. Kaka yetu alikatisha masomo akaenda kubeba matofali, na ingawa leo ni mwashi anayeheshimika, tumemsikia zaidi ya mara moja akisema, "Mzee alimwamini Mungu, matofali nikabeba mimi." Siku moja ulimsikia nawe. Jioni hiyo ulimkanda mabega kwa maji ya moto. Aliyekuandikia barua ile alipandishwa cheo, na mwezi wa tatu mwaka huu amestaafu kwa sherehe. Hakuna aliyekuja kukuomba radhi. Tulitazamia angalau mmoja angekuja msibani, tukamwekea na kiti.

Hata hivyo kila asubuhi, kabla ya tundu la kwanza, ulishika sindano ukasema maneno yale yale: "Bwana, mimi hapa, na wewe hapo. Tuanze." Hukurefusha. Mama alisema maombi yako yalikuwa kama salamu za watu wanaofanya kazi ofisi moja.

Kisukari kilipokula macho yako, kitinda mimba wako akawa macho hayo. Ulimwita Sindano, kwa kuwa yeye ndiye aliyekutungia uzi. Kitabu, ulimfundisha, ni vikunjo: karatasi chache zilizokunjwa pamoja, kikunjo juu ya kikunjo, vyote vikashonwa mgongoni. Wewe ulishona kwa kupapasa. Yeye alikaa kando yako akikagua kila kikunjo kabla hakijapokea uzi, kisije kimoja kikaingia nyuma mbele. Miaka mitatu mlifanya hivyo, na hakuna kitabu kilichorudishwa.

Kazi yako ya mwisho ilikuwa Biblia ya mkunga mstaafu wa mtaa wa chini, yule mama mfupi aliyepokea nusu ya watoto wa hapa, sisi tukiwamo. Ilikuwa imepasuka mgongo. Kando ya Zaburi alikuwa ameandika kwa penseli, miaka arobaini, tarehe za usiku uliokuwa mgumu.

Alhamisi ya juma lako la mwisho, Sindano alikuwa amekutungia sindano zote sita. Miguu yako ilikuwa imevimba kama mikate. Alikutazama ukitafuta tundu kwa ukucha, na kitu kilichokuwa kimemjaa kwa miaka kikamwagika.

"Baba, miaka kumi na miwili unamngoja. Mungu wako huyo ana saa kweli?"

"Anayo," ulisema. "Haipo mkononi mwangu."

"Basi mimi nimechoka kungoja saa nisiyoiona."

"Hata mimi nimechoka, Sindano. Kuchoka si kuacha."

Alisimama, akasema yeye ameacha, akatoka. Vikunjo vilivyobaki ulivishona peke yako. Jumamosi uliipaka Biblia gundi, ukaivisha jalada, ukakaza skrubu, ukamwambia mkunga aje keshokutwa. Jumapili tulikupeleka hospitali.

Haya hakuna aliyeyajua. Sindano mwenyewe ndiye ametusimulia, juma hili.

Kwa mwaka mzima hakukigusa kibanio. Aliendelea na kazi yako kwenye meza ile ile, akivikandamiza vitabu vya watu kwa mawe na matofali ya kaka yake, huku kibanio kikiwa kimefumba kinywa pembeni. Tulidhani ni heshima. Yeye alijua ni hofu. Kikiwa kimefungwa, kazi yako ilikuwa haijaisha. Kikifunguliwa, angeona ulifanya nini peke yako siku aliyokuacha. Kanisani alikuja nasi, akasimama tuliposimama, akakaa tulipokaa. Wakati wa maombi alihesabu vioo vya dirisha. Ni ishirini na vinne.

Mkunga alikuja mwezi wa pili. Sindano alimwambia mlangoni, "Keshokutwa, Bibi." Alikuja mwezi wa tano, akaambiwa hivyo hivyo. Jumamosi iliyopita alikuja na mkoba na fimbo, akavuta kigoda, akakaa katikati ya mlango ili mtu asitoke.

"Mwanangu," alisema, "keshokutwa ya baba yako ilikuwa siku mbili. Hii yako imeota mvi."

Mama alikuja akamshika mkono, akampeleka jikoni kwa chai. Sindano akabaki na kibanio. Skrubu ilikuwa imeshika kutu. Ilibidi amwite kaka, ambaye alikuja na mafuta na spana, akainung'unikia, akaipiga, hatimaye ikalia na kuzunguka. Mbao ziliachana. Biblia ilikuwa imenyooka kama ilivyotoka mikononi mwako, jalada la kitambaa cheusi, pembe nne zimekunjwa bila kasoro.

Sindano aliifungua ukurasa kwa ukurasa. Alifika katikati akasimama. Kikunjo kimoja cha Zaburi kilikuwa kichwa chini miguu juu. Kurasa thelathini na mbili. Tarehe za penseli zilikuwa zinaning'inia kama popo.

Alikaa sakafuni. Wewe hukuwahi kukosea hivyo. Hili lilikuwa kosa la kiti kilichokuwa kitupu kando yako, naye alikijua kiti hicho ni cha nani.

Kaka alichungulia juu ya bega lake. Ni mtu mwema, Baba, na alitaka kumwokoa. "Funga," alinong'ona. "Mpe hivyo hivyo. Bibi mwenyewe ana miaka themanini na miwani ya kuazima. Nani atajua?"

Maneno yale yalipotoka kinywani mwake, aliyasikia. Wote wawili waliyasikia. Yalikuwa yamekwisha kusemwa mara moja katika ukoo huu, kwa gharama ya kitanda, kabati na masomo ya kijana mmoja. Kaka alivua kofia yake ya kazi akaishika mikononi. Jikoni, mkunga alikuwa anamweleza Mama kwamba chai yake haina sukari ya kutosha.

Sindano aliinuka. Ametuambia kwamba hakusikia sauti yoyote kutoka juu wala utulivu wowote moyoni, yale uliyokuwa ukituambia unayasikia wewe. Alichokuwa nacho ni uchovu na Biblia mkononi. Alikwenda jikoni.

"Bibi, kuna kosa. Kikunjo kimoja kimeshonwa kichwa chini. Si kosa la Baba. Alikuwa haoni, na mimi niliyekuwa macho yake nilimwacha."

Mkunga aliipokea, akaipindua, akaisogeza mbali na uso, akaisogeza karibu. Akaanza kucheka taratibu, hadi kikombe kikatetemeka.

"Hii tu? Mwanangu, nimepokea wengi waliotanguliza miguu. Hata wewe ulitanguliza miguu, muulize mama yako. Tuligeuza, hatukutupa." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Geuza. Mimi nitangoja. Kungoja ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote. Mama analia, watu wanapiga kelele, na wewe huvuti, husukumi, unaweka mkono pale na kungoja. Hujui mtoto atakuja saa ngapi. Unajua tu yumo." Alimeza chai. "Usiku mwingine niliomba bila hata kumwamini ninayemwomba. Nikaandika tarehe, nikaenda kulala. Zimo humo."

"Mwaka mzima sijaomba, Bibi," alisema Sindano.

"Hujaomba, lakini hujafumba mdomo ukanidanganya. Anza na hilo. Sasa niambie, nije lini?"

"Keshokutwa."

"Keshokutwa ya nani?"

"Ya Baba."

Alifumua mchana ule, hadharani, mkunga akiwa kwenye kigoda na kaka akishika taa ya mkono, kwa kuwa mawingu yalikuwa yameziba dirisha. Alikata uzi wako kwa kisu kidogo. Hilo lilimuuma kuliko yote, kukata uzi uliopitishwa na vidole vyako. Hakuutupa; ameuzungushia kwenye kizibo cha sindano. Aligeuza kikunjo. Akatunga uzi mpya, akaupaka nta, akafika kwenye tundu la kwanza, akakwama. Kaka anasema alidhani amesahau kushona.

"Mimi hapa," alisema Sindano.

Hakumaliza. Ile nusu ya pili, ya nani yuko wapi, hakuweza kuisema, nasi hatumlazimishi, wala wewe usingemlazimisha. Alisema nusu, akachoma sindano. Mkunga alikuwa amefumba macho, na hatujui kama alikuwa amesinzia au ameisema ile nusu nyingine kwa niaba yake.

Baba, hatukuletei habari za ushindi. Masjala haikutuita. Kitanda kikubwa hakijarudi. Mama goti linamsumbua, na asubuhi nyingine anaweka vikombe viwili kabla hajakumbuka. Tumechoka, na tunakuambia hivyo kwa kuwa ulituruhusu. Tulidhani imani yako ilikuwa kutochoka. Sasa tunajua ulikuwa umechoka kuliko sisi sote, na kila asubuhi ulishika sindano.

Juzi Jumatatu, saa nne, mkunga alirudi kuchukua Biblia yake. Alifungua Zaburi, akasoma tarehe moja ya penseli kimoyomoyo, akafunga. Aliitia mkobani akakataa kusindikizwa. Kaka alitia mafuta skrubu ya kibanio hadi ikazunguka kwa kidole kimoja, kisha akaenda kazini, akiwa amechelewa kwa saa mbili, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mama aliosha sufuria ya gundi, akaitazama, akapika uji ndani yake. Kifungua mimba wako aliomba ruhusa shuleni anakofundisha, akakaa mezani kuandika haya. Sindano aliingiza kitabu kingine kwenye kibanio, kitabu cha nyimbo cha kwaya kilichopoteza jalada, akakaza, akamwambia mwenye kitabu aje keshokutwa, yaani leo. Jalada limekauka. Jumapili, ibada ya saa tatu, tutasimama kukushukuru. Sindano ameomba akae upande usio na madirisha.

Wanaokukumbuka ni mkeo, uliyemchotea maji. Mwanao mwashi, uliyemkanda mabega. Binti yako mwalimu. Kitinda mimba wako Sindano. Na mama mkunga wa mtaa wa chini, aliyesema aandikwe.

Kila tundu la kwanza, Baba, tutakukumbuka.