Majina Yaliyobaki kwenye Diski

Lubumbashi, Jumapili baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mko wazima huko Butembo? Goti la mama limepoa, au bado anapanda kwenda dukani kwa fimbo? Mimi sijambo, tuseme hivyo.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa mjomba. Nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekasirika. Nisamehe, lakini wewe mwenyewe ulinilea nisifiche neno. Unaniambia niachane na watu wa kiwanda, nifuatane na mjomba kurudi nyumbani, eti vifua vya Wakatanga si mzigo wetu. Jibu langu ni hapana. Sasa nisikilize kwanza, halafu ukasirike ukijua unachokasirikia.

Bei ya shaba ilipoanguka, matajiri wa Kichina walizima tanuru letu wakaenda zao Luano kupanda ndege. Barabara ya Kasenga ikajaa watu wasio na kazi. Akabaki msimamizi mmoja mwenyeji, mwenye funguo, na kompyuta moja ofisini ambayo niliamriwa niifute kabla haijauzwa. Mle ndani mlikuwa na picha za eksirei za vifua vya wafanyakazi wa tanuruni: moja ya siku mtu alipoajiriwa, nyingine ya mwaka huu. Papa Ilunga, mchochea tanuru, mtoto wa mtu wa reli, siku hizi anakohoa mpaka anashika ukuta. Kiwanda kinasema alikuja na ugonjwa wake. Picha hizo mbili ndizo zingeweza kusema vinginevyo.

Shida ni kwamba picha yenyewe haina maandishi. Jina la faili ndilo pekee linalosema ni ya nani, na limeandikwa kwa Kichina. Karani wao alimpa kila mmoja wetu jina la kwao, akalipaka kwa rangi nyekundu kwenye kofia ngumu ya kazi, na faili akaiita hivyo hivyo. Kulisoma hatukujua, ila kila mtu aliijua sura ya lake, maana asubuhi kofia zilikuwa zimelundikwa pamoja na ukibeba ya mwenzako ni ugomvi.

Nilichoma diski, yaani nilizinakili picha hizo juu yake, haraka haraka. Programu iliniuliza kitu, nikakubali kwa "oui" bila kusoma. Picha zilifunguka vizuri, nikamwambia Papa Ilunga amshukuru Mungu. Tulipofika kwa mkaguzi wa kazi, mahali pa majina palikuwa na vistari vitupu na namba. Mbavu za watu, bila watu.

"Sasa, hii kifua iko ya nani?" mkaguzi akauliza.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Papa Ilunga hakunigombeza. Alikohoa, akasema tu, "Mama, rudia."

Kesho yake nilirudi kiwandani. Msimamizi alinizibia mlango. "Madame, nilikuambia ufute yote! Mambo ya bale bantu, unaitafutia nini?"

"Nitafuta nikimaliza."

"Nitaita police."

"Ita tu. Mi niko naikala hapa." Nikapita chini ya mkono wake, nikakaa.

Ningeweza kuyaandika majina upya kwa Kifaransa, lakini mkaguzi angesema nimeyatunga. Yalipaswa kubaki kama karani alivyoyaacha. Safari hii lile swali nililisoma: programu ilisema njia ile ya kuchomea haikubali herufi hizo, je, izibadilishe? Nikakataa kwa "non", nikachagua njia nyingine, inayobeba herufi za kila lugha. Diski ilipotoka niliirudisha ndani, nikalinganisha jina kwa jina na yale ya kwenye kompyuta, msimamizi akipiga miluzi ya hasira nyuma yangu. Hakuita mtu.

Alhamisi tulikwenda kwa mkaguzi na kofia zetu. Mama Ilunga alileta ya mumewe, ambayo tangu kiwanda kifungwe alikuwa akipimia unga wa mahindi. Akaifuta kwa pindo la kitenge, ile rangi nyekundu ikatokea. Papa Ilunga aliweka kidole kwenye kompyuta ya mkaguzi kabla sijamaliza kushusha orodha.

"Njo hii! Njo jina yangu!"

Picha ya kwanza safi. Ya pili imejaa madoa. Mkaguzi alitazama kofia, akatazama jina, akatazama kofia tena. Kisha akaandika kwamba ugonjwa ni wa kazini, akagonga muhuri. Wengine sasa wanangoja zamu, kofia mapajani.

Unasema vifua hivyo si vyetu. Baba, kabla sijahamishiwa ofisini nilipima magunia kando ya tanuru lile miaka miwili. Sikuwahi kuwaambia. Mimi pia nina kofia. Juzi niliilinganisha na diski, nikajipata. Picha yangu ya pili ina doa, dogo, upande wa kushoto. Naogopa, sikufichi. Lakini zamu yangu ni kesho, na siondoki Lubumbashi mpaka muhuri ugongwe juu ya jina langu, lile la Kichina na lile ulilonipa wewe.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe, shangazi anayeniombea kila Ijumaa, na mtoto wa dada ambaye bado sijamwona. Mama msomee barua yote, ila ukifika kwenye kofia yangu, ruka. Hilo nitamwambia mwenyewe.

Binti yako asiyesikia,
Masika