Shairi Lililopewa Jina Lako

Hargeisa,
Jumatatu, mwezi wa Rajabu

Mwanangu mpenzi Liibaan,

Salamu zangu zikufikie huko Jibuti ukiwa mzima, na hilo joto lenu likuhurumie. Sisi kwa mwili hatujambo. Baba yako anakusalimu. Goti bado linamsumbua, ila ulimi hauna maradhi, anagombana na redio tangu alfajiri. Bibi yako Dhuho anakusalimu na kuuliza kama umepata mke au bado unajipikia kama mjane. Dada yako Kinsi anakusalimu sana. Mchumba wake Sahal anakusalimu, kijana mpole, ila anakula mikate yetu ya canjero kama vile arusi ilikwisha kupita. Mke wa marehemu ami yako Samatar naye anakusalimu. Siku hizi haongei, lakini nilipomwambia nakuandikia alitikisa kichwa, nami nimehesabu hiyo ni salamu.

Sasa kaa chini, mwanangu, usome hii peke yako.

Utapata, au umekwisha kupata, barua nyingine kwa posta. Imeandikwa kwa mwandiko mzuri, inasema mama yako anakusihi uje kwenye arusi ya dada yako tarehe ishirini Shaabani. Usije. Nakuomba kwa maziwa uliyonyonya, usije. Barua ile ina sahihi yangu lakini si yangu. Yangu ni hii. Mwandiko huu unaujua, kwani wewe ndiye uliyenishika vidole mwaka ule serikali ilipowatuma wanafunzi wafundishe watu kusoma, ukanicheka kwamba herufi zangu zinatawanyika kama mbuzi waliosikia fisi. Bado zinatawanyika.

Nikueleze ilivyokuwa. Jumanne iliyopita tulikuwa uani wanawake sita, tunasuka mikeka ya nyumba ya Kinsi, tunatafuna nyuzi na kutaniana. Gari likasimama nje. Wakaingia watatu, na mkubwa wao afisa wa usalama, kijana wa rika lako, viatu vinang'aa. Wenzangu walitoweka kama moshi, wengine wakaacha hata viatu. Bibi yako hakuondoka. Alimuuliza afisa yeye ni mtoto wa nani, akatajiwa ukoo mzima, naye bibi yako akasema alimjua babu wa huyo kijana, alikuwa mtu wa adabu, alikuwa akibisha hodi. Nilidhani tutapigwa pale pale. Yule afisa akacheka, akaomba chai.

Alipokunywa akaniita shangazi, akaniuliza habari zako, unafanya kazi gani bandarini, unaandika mara ngapi. Kisha akatoa kanda mfukoni. Hakuiweka hata kwenye redio. Alilighani mwenyewe kwa kichwa, lile shairi la birika la maji la ami yako, mwanzo hadi mwisho, hakukosea neno. Alipofika hapa alifumba macho:

Mwana wa mama kama mimi, maji umemwaga ya nani?
Mdomo ulionitukana, maneno ulifunzwa na nani?

Mwanangu, nimeona watu wakikasirika, na hasira yao nimeizoea. Huyu alilipenda. Alisema mwanao ana ulimi, shangazi, na ulimi kama huo si vizuri uachwe unarandaranda nchi za watu.

Maana kanda ile inaanza kama desturi itakavyo. Mghani anasema kwanza: haya si maneno yangu, ni ya Liibaan Ige. Imefika Burao, imefika Berbera, na madereva wanasema hata Mogadishu wanaisikiliza kwa siri, wamejifungia madirisha. Nilikwisha kusikia kwamba na huko kwenu watu wanakununulia chai, nawe ukaandika kwa mshangao kwamba wamekufananisha na mtu. Hawajakufananisha.

Kesho yake nikaitwa ofisini. Karani aliandika, afisa akisema na mimi nikisikiliza, ile barua ya kukuita. Nikasema mwanangu ana kazi, hatapewa ruhusa. Akasema arusi ya dada ni moja. Nikasema nauli ni kubwa. Akasema wao watakulaki wenyewe uwanja wa ndege, nisihangaike. Kisha akauliza, kwa upole, Kinsi anatoka chuo cha uuguzi saa ngapi na anapita njia gani. Nikachukua kalamu nikatia sahihi. Nisamehe kwa hilo.

Hapa nyumbani nimewaambia wamenihoji tu kuhusu shairi. Baba yako hali chakula. Kinsi ndiye anayeniumiza zaidi, kwa kuwa kila akisali anamwapiza mtu aliyelitia jina la kaka yake kwenye kanda, anasema Mungu amkaushe ulimi, na mimi niliye nyuma yake nasema amina.

Liibaan, mtu huyo ni mimi.

Ile siku askari walipolipasua birika la ami yako, lile tangi la chini la maji ya mvua, nilikuwepo. Nilikuwa nimefuata maziwa. Unajua kwamba walimuua yeye na wanaume wanne; hukujua kwamba mimi nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya matandiko ya ngamia. Askari mmoja alinikanyaga mgongoni, akaniambia nisiinuke, akanitusi matusi ambayo mamangu alikuwa akimtusi punda. Alisema kwa lugha yetu, mwanangu. Angekuwa mgeni ningelia tu, yakaisha. Maji yalinipita mashavuni yamechanganyika na damu, nami nikaanza kupanga maneno ili nisipige kelele.

Nilimaliza baada ya miezi miwili, kwenye mikeka. Na nililitunga kwa mwendo wa wanaume, gabay kamili, si buraanbur yetu ya arusini, kwa sababu mashairi ya wanawake huishia uani. Siku moja Warfa, yule dereva wa lori anayehifadhi mashairi ya watu, alikuja kunywa chai na baba yako, akanisikia nikilighani peke yangu. Akauliza ni la nani. Unaijua desturi: shairi lisilo na mwenyewe hakuna mtu mwenye heshima atakayelibeba, ni kama ngamia asiye na alama. Ningesema langu, angecheka, gabay ya mama msuka mikeka! Nami nilitaka libebwe. Nilitaka yule askari alisikie popote alipo. Nikasema ni la mwanangu Liibaan, yuko Jibuti. Nilijiambia uko mbali, hawakufikii. Tena, Mungu anajua, nilisikia fahari jina lako liliposimama mbele ya maneno yangu.

Akili yangu iliishia hapo. Sikufikiri kwamba mtoto hurudi kwao.

Sasa nisikilize. Usinifichie siri hii. Nenda pale wanapokununulia chai, simama, lighani lote, na kabla ya kuanza useme kama desturi: si maneno yangu, ni ya mama yangu. Taja jina langu na la baba yangu. Wataguna, watacheka, lakini watalibeba, na kabla ya mwezi kuandama litakuwa limefika hapa. Najua yatakayonifika. Naogopa, mwanangu, naogopa hata mlango ukigongwa na jirani anayeomba chumvi. Ila hofu ya hilo naiweza. Hofu ya wewe kushuka kwenye ndege umevaa shati la arusi siiwezi.

Kinsi ataolewa mapema, Ijumaa hii, bila ngoma, na Sahal atamchukua kwa wajomba zake upande wa mpakani. Hilo bibi yako amelipanga tangu siku ya lile gari, na akipanga yeye hata serikali haiwahi.

Barua hii anaileta Ardo muuza vitambaa, ameishonea ndani ya gauni. Mpe chakula na umruhusu alale, amesafiri kwa ajili yetu. Baba yako, bibi yako, dada yako, wote wanakuombea dua, ingawa hawajui wanaomba nini hasa.

Mrudishe Ardo upesi, hata kama hujui la kuandika. Neno moja linanitosha, kwamba hujaondoka Jibuti.

Mimi mama yako,
Ebla Farah Guled,
mwenye shairi