Kipande cha Mwisho cha Kitabu cha Nane

CHAMA CHA WASOMAJI, MKUMBI
Kumbukumbu za kikao cha thelathini na nane, Jumamosi, 17 Juni 1995, katika lililokuwa duka la ushirika

WALIOHUDHURIA
1. Mwalimu Urbani Ndunguru – Mwenyekiti
2. Bi. Restituta Kapinga – Katibu
3. Bw. Abdulmajid Salum – Mjumbe, mleta vitabu
4. Mzee Bernadi Komba – Mjumbe
5. Bi. Walburga Nchimbi – Mjumbe
6. Bw. Hyasinti Nchimbi – Mjumbe (alichelewa; taz. Kumb. Na. 5)

WASIOHUDHURIA: Hakuna.

KUMB. NA. 1/6/95: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:10 asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito hata mibuni iliyo mbele ya duka haikuonekana, na mlango ulifungwa kwa sababu ya baridi. Mahudhurio yaliitwa. Kwa jina la sita Bi. Walburga alimjibia kaka yake, kama kila mwezi: "Yuko njiani."

KUMB. NA. 2/6/95: KITABU CHA TISA CHA "KARANI FISI"
Bw. Abdulmajid alieleza kwamba siku hizi vitabu hivi humfikia ndani ya marobota ya mitumba, na safari hii alipata nakala moja tu. Kama ilivyo desturi, Katibu alikuwa amekata uzi ulioshona kurasa na kugawa kitabu vipande vitano, kila mjumbe akasome chake nyumbani, kisha aje asimulie kwa zamu.

Mwenyekiti alisimulia kipande cha kwanza. Karani, ambaye tangu kitabu cha kwanza hugeuka fisi na kurudi mtu, sasa ni fisi mchana na usiku, na anatembea kurudi kwao milimani. Bi. Walburga aliuliza kwa nini harudi mtu. Mwenyekiti alijibu kwamba hilo limeelezwa mwisho wa kitabu cha nane, na kila aliyepo anajua mwisho huo uko wapi.

Iingie hapa kwa atakayesoma baadaye: kipande hicho alipewa Bw. Hyasinti. Agosti 1993 alishuka nacho Mbamba Bay kununua usipa, dagaa wa ziwani, na hakurudi. Ziwani hakuonekana, barabarani hakuonekana.

KUMB. NA. 3/6/95: NYAYO
Mzee Bernadi alisimulia kipande cha pili, ambamo Karani anavuka mashamba ya ngoro, yale ya mashimo yaliyozungukwa na matuta, kwa kufuata matuta hayo, bila kutumbukia shimoni hata mara moja. Aliongeza, bila kuulizwa, kwamba fisi aliyekula mbuzi wake wawili mwezi huu anapita hivyohivyo. "Fisi wa porini anakata moja kwa moja, anatumbukia, anatoka," alisema. "Huyu anakanyaga tuta kwa tuta, kama mtu aliyelelewa hapa." Alisema ametega mtego wa chuma wenye mnyororo.

Bi. Walburga alimwomba autegue. Mzee Bernadi alijibu kwamba mbuzi wake hawasomi vitabu. Katibu alicheka, na anaomba radhi. Zamu zilizobaki ziliahirishwa kwa kuwa Bi. Walburga alikuwa analia.

KUMB. NA. 4/6/95: ORODHA YA WANACHAMA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba asiyefika vikao vitatu bila taarifa hufutwa, na Bw. Hyasinti amekosa ishirini na moja. Bi. Walburga alisema: "Mwalimu, parokiani wameshamsomea misa ya marehemu. Ni hapa tu jina lake bado linaitwa. Niachieni." Mwenyekiti alisema anamwonea huruma, lakini katiba ni katiba.

Watatu waliunga mkono, mmoja alipinga. Katibu hakupiga kura, na jambo hilo linamuumiza mpaka sasa. Jina lilifutwa kwa wino mwekundu.

KUMB. NA. 5/6/95: MENGINEYO
Saa 5:30 kitu kilikwaruza mlango kwa chini. Hapakuwa na hodi. Bw. Abdulmajid, aliyekaa karibu, aliokota karatasi zilizosukumwa ndani. Zilikuwa kurasa za 113 hadi 128 za kitabu cha nane, zikiwa kavu kabisa, zimefungwa kwa uzi wa bluu ambao Katibu aliufunga kwa mkono wake.

Katibu alizisoma kwa sauti. Zinaeleza kwamba Karani hurudi mtu iwapo watu wake, wanapohesabiana, watamhesabu na yeye. Wakimwacha, atabaki alivyo.

Bi. Walburga aliomba jina lirudishwe. Mwenyekiti alieleza kwamba uamuzi haufunguliwi upya katika kikao kilekile. Katibu alimjibu kwamba kuita mahudhurio ni kazi ya Katibu, akaanza kuita. Wote watano waliitikia, Mwenyekiti kwa sauti ndogo.

Jina la sita liliitwa. Bi. Walburga alisema liitwe tena. Lilipoitwa mara ya pili, nje ya mlango mtu alijibu, "Nipo," kwa sauti iliyokauka, na ulisikika mnyororo ukiburuzwa.

Mzee Bernadi aliomba iandikwe kwamba mnyororo huo ni wake, na kwamba ataufungua mwenyewe.

KUMB. NA. 6/6/95: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa 6:05 mchana, Bi. Walburga alipofungua mlango.

Mwenyekiti: U. Ndunguru (Uamuzi wa Kumb. Na. 4 nimeufuta mwenyewe.)
Katibu: R. Kapinga