Korongo Wangu Ametoka na Baba Mkwe

Mpendwa Bibi Paskalina,

Nisaidie kabla ya Jumamosi, maana mume wangu Jailos anarudi kutoka machimboni Chunya na mimi nimeficha kwenye debe la unga kitu ambacho mke wa Kinyakyusa hapaswi kuwa nacho. Kaka yangu alinipa kamera ya sanduku, ile unayoishika tumboni na kuinamia kioo chake kidogo, nami nikazoea kupiga ndege wanaoshuka bondeni nyuma ya nyumba, bata maji na wengineo, na mwezi uliopita akaja korongo mwenye taji, nikajibanza migombani, akasogea, nikabonyeza, nikakimbia nyumbani kwa furaha bila kuangalia kulia wala kushoto. Picha zimerudi jana kutoka kwa Ahmadi, msafisha picha wa Mbeya, na Bibi, korongo ametoka hadi taji lake linahesabika, lakini nyuma yake amesimama baba mkwe, namjua kwa kiraka cha koti nilichoshona mwenyewe, mimi ambaye miaka sita tangu niolewe nikisikia kikohozi chake naingia vichakani nisimwone uso, kama mila yetu inavyomtaka mke, na sasa nimeuona, tena nauona kila nikitazama ndege. Kibaya zaidi, anamtupia korongo ulezi! Yeye huyo anayemwambia mama mkwe kwa sauti ya kunifikia jikoni, “Mwanamke wa kutazama ndege atalima lini? Jailos akirudi, hicho kisanduku kirudi kwao.” Nichome picha? Au nimkate mzee nibaki na ndege?

Marta, Tukuyu

Wewe Marta!

Tangu masika ya mwaka jana hujakanyaga mlango wangu. Unakuja Mbeya kwa Ahmadi, basi linakupitisha mbele ya nyumba yangu, halafu shida ndiyo unanitumia kwa barua, mimi nisiyejua kusoma, mpaka mjukuu anisomee na kuniandikia. Aibu yako. Haya, pole mwanangu, sikiliza.

Usichome, na huo mkasi urudishe ulikoutoa. Unamkata baba wa watu kwa ajili ya ndege? Umemwona kwenye karatasi, hukukusudia. Kosa lako ni jingine: unainamia kioo hujui nani yuko bondeni. Bonde ni lake. Kuanzia leo kohoa mara mbili kwanza, apate kuondoka. Korongo akiruka, aruke. Atarudi, ulezi anajua uliko.

Picha ifunge kwenye kitambaa, mpe mama mkwe mkononi, leo, usingoje Jumamosi. Sema, “Mama, korongo wetu huyu,” basi, unyamaze. Usimtaje mzee, usicheke, na ole wako uende kisimani kuwasimulia wenzako habari za ulezi! Mama atamwekea mzee picha hiyo karibu na chakula chake. Yule mzee anapenda ndege kama wewe, ila hana wa kumwambia. Mnajificha migomba ileile, yeye huku, wewe kule. Akishajiona na ulezi mkononi, atamwambia nini Jailos? Na akithubutu, mkewe yupo, atamjibu.

Jailos naye mwambie mwenyewe, kabla hajavua viatu.

Ukija tena Mbeya, Ahmadi aitoe picha hiyo nakala ya pili, uniletee, na mkungu wa ndizi juu yake. Wakwe zangu walishazikwa zamani, sina wa kumkwepa. Hao wawili nitawatazama mpaka nichoke.