Sauti ya Babu Uliyoifuta

Shaabani mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Utende hatujambo, na mama yako amepona mafua. Leo sikuiti mume wangu, maana nina hasira na wewe.

Umefuta sauti ya marehemu babu yako, nakala nyingine hatuna, kisha unaniuliza kosa lako nini wakati kompyuta ndiyo iliyofuta bila kuuliza. Haikuuliza! Ujanani nililima mwani karibu na jirani yangu Mwanahawa. Siku moja maji yalipoanza kujaa alikuja mbio akakata kamba zangu zote zilizofungiwa mwani, nao ungali mchanga, akidhani anavuna shambani kwake. Nilipomfokea akajibu, "Kamba zote zinafanana." Nilitamani kumzamisha! Tangu siku ile, kabla sijatoa kisu, nashika kigingi cha kwanza kilichofungiwa kamba, natazama ni cha nani, ndipo nakata.

Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ipo amri ya pwd ya kukwambia uko folda gani, na ls ya kukuonyesha kilichomo. Zote ukaziruka, ukakimbilia rm ya kufuta, ukidhani uko kwenye folda ya takataka. Herufi mbili tatu zilikushinda nini?

Babu yako hatasema tena. Mimi bado nasema. Njoo Idi unirekodi, na kabla hujaondoka, andika ile cp ya kunakili mbele ya macho yangu, uniweke mahali pawili.

Bibi yako