Saa ya Mcheri Mbichi: Kumbukumbu ya Asahel Hotchkin, Fundi Saa

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke theluji ya Machi ikiyeyuka, na sisi uliotuacha tumegombana juu ya gurudumu moja la mbao. Ungekuwepo ungetuamua. Lakini ungekuwepo, tusingegombana. Ndivyo vichwa vyetu vilivyo siku hizi.

Bonde zima lilikujua kwa saa zako za mbao: mabamba ya mwaloni, magurudumu ya mcheri, mti wa matunda ya cheri, kila jino umelikata mwenyewe. Wachuuzi walizifunga juu ya farasi wakaenda nazo mbali. Nyumbani kwetu hakukuwa na hata moja, maana kila uliyotundika ukutani, mchuuzi alikuja ukaishusha. Majirani walimtania Mama, "Mehitable, mganga hajigangi!" Naye akawajibu, "Mimi nasoma saa kwa tumbo lake. Akidai pai ya tufaha, ni saa sita mchana."

Mvua zikinyesha saa za watu zikagoma, wewe ulitoka na koti lako la sufu, nyumba hadi nyumba. "Haiumwi," uliwaambia, "imevimba tu. Isogezeni karibu na moto." Ulirudi umelowa chapachapa, unapiga mluzi wa zaburi.

Kosa moja hukulisamehe kamwe: mbao mbichi. Baba Mdogo Zenas, mdogo wako na mwenzako wa karakana, aliwahi kuchonga gurudumu kwa mbao isiyokauka. Ulilinusa, ukalitupa motoni likiwa limekwisha kukamilika. "Mbao inataka miaka ikauke! Haraka haraka haina baraka, Zenas!" Alikununia wiki nzima. Hadi leo akisimulia, ananuna tena.

Sasa tueleze, Baba. Upepo wa Oktoba ulipoangusha mcheri wa Mama, ule alioupanda mwaka mliooana, alilia kama mtoto. Ukamwambia, "Nyamaza, mke wangu. Kwa mti huu nitakutengenezea saa, na hiyo haiuzwi hata aje nani." Sote tulidhani unasema miaka ijayo huko. Lo! Kufika Sikukuu ya Shukrani, mwezi uliofuata tu, saa iko ukutani, ta-ka, ta-ka, na Mama amesimama chini yake na mwiko mkononi huku bata mzinga anaungua. Tulicheka siku ile, jamani.

Kiangazi kilipokuja, wewe umeshalala makaburini, saa ikaanza kuchechemea. Inakimbia, inasita, inasimama. Jumapili moja tulifika ibadani mlango haujafunguliwa. Iliyofuata tukakuta watu wanatoka. Zenas akaifungua, akatoa gurudumu kubwa, akalinusa kama ulivyokuwa ukinusa wewe.

"Keturah, hebu njoo. Huu si mcheri wa mama yako?"

"Ndio wenyewe, Baba Mdogo. Si alisema?"

"Alisema, alisema! Mbao mbichi hii! Imekauka ikapinda, gurudumu limekuwa kama yai. Asahel huyu huyu? Na dari ya karakana imejaa mbao kavu!"

Hatukuelewa. Zenas akasema macho yako yalikuwa yamechoka. Mimi nikasema labda ulisahau. Wewe, usahau! Basi akachonga gurudumu jingine kwa mbao kavu, zuri, la mviringo kamili, maana wachuuzi wakiingia wanaikuta saa ya Hotchkin imelala ukutani, wanacheka. Wiki iliyopita akalileta. "Shemeji, niachie kidogo tu, saa yako ipone."

Mama alikuwa amekaa mbele ya saa, amekunja mikono. "Liweke chini, Zenas. Mnakumbuka vuli ile alivyokuwa akisimama katikati ya ngazi, mkono kifuani? Nikamuuliza, kulikoni? Akasema anapumzisha magoti. Magoti gani yanakaa kifuani?" Akaitazama saa, akasema taratibu, "Alijua mbao inataka miaka. Hakuwa nayo."

Zenas akatoka nje bila kofia.

Kwa hiyo ulijua, Baba? Ulijua, nasi tunakula bata aliyeungua na kucheka? Mbona hukutuambia? Nakukasirikia, nakupenda, sijui kipi kimetangulia. Kila siku nakuuliza, na hujibu.

Gurudumu la Zenas liko rafuni. Lako limerudi mahali pake, hivyo hivyo lilivyopinda. Saa ikisimama, na husimama kila siku, aliye karibu huisukuma kwa kidole. Mama husema, "Haya, Asahel." Zenas husema, "Haya, kaka." Mimi husema, "Haya, Baba." Nayo inaendelea.

Wanaokukumbuka ni mkeo Mehitable, mdogo wako Zenas, bintiyo Keturah niliyeandika haya, na majirani wote wa bonde la Naugatuck, Konektikati, Marekani, ambao wakituuliza saa ngapi tunawaambia hatujui.

Hatuwezi kukusahau, Baba. Saa yako haitupi nafasi.