Baba Mkubwa na Chombo cha Angani

Berea, Joburg, Jumapili, mwezi wa nane 2019

Upepo wa Agosti umeamka na hasira. Tangu asubuhi nafuta vumbi la njano dirishani, lile linalotoka kwenye vilima vya machimbo kule kusini, na kila nikigeuka limerudi. Kanisani sikwenda. Nilimtumia mchungaji ujumbe kwamba koo limenikauka. Koo langu zima kabisa. Mdomo ndio ulionitia aibu jana, nikaona leo bora upumzike.

Mnaopita kwenye blogu hii mara kwa mara mnajua nina kazi mbili. Siku za kazi nasuka nywele mjini. Jumapili natafsiri mahubiri katika kanisa letu la Wakongomani, ghorofa ya pili ya jengo ambalo zamani lilikuwa ofisi. Mchungaji anahubiri kwa Kiswahili, nami nasimama ubavuni mwake na kipaza sauti changu, natafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya Wasauzi, na kwa watoto wetu ambao Kiswahili wanakielewa lakini hawakisemi.

Asiyelijua kanisa letu atadhani kutafsiri ni kurudisha maneno tu. Thubutu! Kwetu mkalimani ni mhubiri wa pili. Mchungaji akiinua mkono, nami nainua. Akisema Bwana ni mwema, mimi nasema Bwana ni mwema, mwema sana, mwema hata kwako wewe uliyeamka bila chai. Mkalimani baridi huteremshwa jukwaani kabla ya sadaka. Mimi sijawahi kuteremshwa, na nilikuwa najisifu kwa hilo hadi jana.

Jana nilimtafsiria Baba Mkubwa.

Nianze na Nomsa, maana yeye ndiye chanzo. Nomsa ni mteja wangu. Ana nywele nyingi na maneno mengi, ndiyo maana tunapatana. Yeye na wanaharakati wenzake wa mazingira wanapinga nyuklia popote ilipo, na sasa wameungana na watu wa nchi za mbali kupinga chombo kitakachorushwa angani kwenda sayari nyingine. Hakina mtu ndani. Kinapata umeme wake kwa joto la plutoniamu. Hofu yao ni kwamba roketi ikilipuka wakati wa kupaa, vumbi lenye sumu litasambaa hewani, na likishasambaa hakuna wa kuliokota.

Alinieleza haya nikiwa namsuka, nami naitikia mh, mh, kama tunavyowaitikia wateja. Ndipo Baba Mkubwa akakohoa.

Baba Mkubwa ni kaka wa marehemu baba yangu. Alikuja kutoka Likasi, kwetu Kongo, mwaka jana, baada ya kufiwa na mkewe, na mchana hukaa nami saluni kwa sababu chumbani ni baridi na hana wa kuzungumza naye. Kikohozi chake kikianza, wateja wote hugeuza vichwa. Nikamwambia Nomsa, bila kufikiri sana, kwamba kile ni kikohozi cha mgodini. Mzee alichimba katika mgodi wa zamani wa uraniamu. Ulikuwa umefungwa, lakini watu wa kwetu waliingia hivyo hivyo kutafuta madini ya kobalti.

Nomsa aligeuka ghafla, msuko bado uko mkononi mwangu. Akauliza kama mzee angekubali kusema kwenye mkutano wao. Uraniamu na plutoniamu, alisema, si jiwe moja lakini ni ukoo mmoja. Kisha akaongeza kwamba kwenye kundi lao kuna daktari wa mapafu aliyetibu wachimba dhahabu miaka mingi, na angefurahi kumwangalia mzee siku ya Jumatano, bure.

Hakusema akizungumza vizuri ndipo atatazamwa. Hakusema hivyo hata kidogo. Ni mimi niliyeyafunga mambo hayo mawili pamoja, kwa sababu katika mji huu sijazoea kupewa kitu hivi hivi. Hospitali ya serikali tulishakwenda, tukakaa foleni, tukaulizwa karatasi za ukimbizi, tukaambiwa turudi. Kila alfajiri namsikia mzee akikohoa upande wa pili wa pazia, na naogopa. Naogopa kweli.

Basi jana tukaenda. Ukumbi ulikuwa umejaa. Ukutani walibandika picha ya roketi iliyochorwa mstari mwekundu katikati. Wakatusimamisha mbele, mzee na mimi, bega kwa bega, wakanipa kipaza sauti. Hapo ndipo nilipopotea. Mzee ananena, watu wananitazama, nina kipaza sauti mkononi: mwili wangu ukadhani ni Jumapili.

Mwanzoni nilikwenda sawa. Alieleza walivyochimba kwa mikono, na mama mkubwa, mkewe, alivyokuwa akiosha mawe mtoni pamoja na wanawake wengine, watoto mgongoni. Nilirudisha maneno yake kama yalivyo. Kisha Nomsa akamuuliza, kwa upole, kama ni mgodi uliomuua mkewe.

Baba Mkubwa alifikiri kidogo. "Sijue," akasema. "Kule tulikuwa tunakohoa bote, hata bale ba soko habakuingia mu shimo. Munganga hakuniambia. Miye siwezi kusema bongo juu ya mufu." Bongo kwetu ni uongo, munganga ni daktari.

Nami nikasema kwa Kiingereza, kwa niaba yake, kwamba jiwe lile lilimuua mke wangu, na kijiji kizima kilikohoa hadi kaburini.

Ukumbi ukaguna. Naujua mguno ule. Kanisani ndio unaoniambia kwamba neno limefika, na ukishausikia mara moja unautaka tena.

Wakamuuliza ana ujumbe gani kwa wanaotaka kurusha chombo. Mzee akatabasamu. Kwetu yeye ndiye mchekeshaji wa ukoo, harusi haianzi kabla hajafika, na nilimwona akilipanga neno lake.

"Miye sikatale," akasema. "Kama bamepata fasi ya kupeleka ile kintu, mbali kule, fasi haina batu, baipeleke yote. Hata miye nitaisindikiza mpaka mu mulango." Akangoja wacheke, lakini nilikuwa bado sijatafsiri. Kisha uso ukawa mzito. "Lakini mbele ya kuruka, bakuye kwetu bafunike mashimo. Batoto banaingia mule mpaka leo."

Nikatafsiri: mzee anasema hapana! Kisiruke! Kwa jina la mke wangu aliyelala udongoni, kisiruke! Nikainua na mkono juu. Habari ya kuja kwetu kufunika mashimo sikuigusa. Ningependa kuandika kwamba niliisahau, lakini niliiona haina moto.

Watu wakasimama. Makofi. Mama mmoja wa mstari wa mbele alikuwa akilia waziwazi, na Nomsa akajifuta macho kwa kiganja. Baba Mkubwa alibaki ameduwaa, tabasamu likimtoka taratibu. Baadaye akainamisha kichwa kwa adabu, kama mtu anayepewa pole ya msiba asioujua.

Tukarudi kwa teksi. Lifti ya jengo letu ilikufa zamani, kwa hiyo tukapanda ngazi, yeye akipumzika kila ghorofa. Katika kupumzika huko akaniuliza.

"Esta, bale batu balilia nini? Miye nilibachekesha."

Nikamjibu kwamba watu wa Joburg machozi yao yako karibu. Hakucheka.

Usiku kucha nimejigeuza kitandani. Simchukii Nomsa. Hofu yake ni ya kweli, na kama ningekuwa naishi chini ya njia ya roketi hiyo huenda ningebeba bango kubwa kuliko lake. Lakini wao wanahofia jambo lisije likatokea. Kwetu Likasi lilishatokea, jamani, na hakuna aliyefika hata na koleo. Katika ukumbi mzima mtu mmoja tu aliwahi kushuka ndani ya shimo lile. Aliulizwa anataka nini, akasema, na mimi mwana wa ndugu yake nikamziba mdomo.

Leo mchana nilipika bukari, ugali wetu, na samaki wadogo anaowapenda. Tulipomaliza kula nikamwambia yote, nikitazama sahani. Nilisema nini mahali pa maneno yake, kwa nini, na habari ya daktari wa Jumatano. Nilitegemea atanigombeza. Hata kofi ningelikubali.

Aliosha mikono. Akaniuliza kitu kimoja tu, kama kuna mtu aliyechukua picha. Nikamwambia walirekodi yote, na kesho wanatuma video kwa wenzao ng'ambo, pamoja na jina lake.

Ndipo akanieleza jambo ambalo sikulijua, maana wakati wa msiba mimi nilikuwa huku. Kwenye matanga ya mama mkubwa, shemeji zake walimweka katikati, kama ilivyo desturi, wakamtaka aeleze dada yao alikufaje. Mume ni lazima ajibu. Akaapa mbele yao kwamba hajui. Mkubwa wao akampokea mkono, wakamwachia aende kwa amani.

"Sasa batasikia nilijua," akasema. "Batasema nilijua jiwe linaua, na nikamwacha anaosha."

Nikaichukua simu.

Nilimpigia Nomsa papo hapo. Nikamweleza, safari hii neno kwa neno, hata utani wa kusindikiza chombo hadi mlangoni, hata mashimo. Nomsa akasema hawatatuma video yao, hilo anaahidi, lakini jana watu wengi ukumbini walishika simu, na mmoja tayari amekwisha kuweka video yake mtandaoni. Inasambaa vizuri, alisema, halafu akagundua alichosema, akaomba radhi. Akauliza kwa sauti ndogo kama kweli mzee hapingi. Nikamwambia mzee anataka mashimo yafukiwe, na kama kundi lao linaweza kulibeba hilo, nitakuja tena na nitatafsiri kama mashine. Akasema atawauliza wenzake. Habari ya Jumatano sikuitaja, naye hakuitaja. Nitampeleka mzee hivyo hivyo. Wakitufungia mlango, tutarudi kwenye foleni ya serikali na karatasi zetu.

Na kanisani? Nitamwambia mchungaji anitafutie mtu mwingine wa kusimama ubavuni mwake, angalau kwa muda. Sijui nitampa sababu gani. Nadhani nitampa hii hii.

Video inaweza kufika Likasi leo au kesho. Huko kila mtu ana mpwa mwenye simu nzuri. Kwa hiyo Baba Mkubwa ameomba nimtafutie namba ya shemeji yake mkubwa na nimnunulie muda wa maongezi. Nilimwambia nitazungumza mimi, nikiri kwamba kosa ni langu. Alitikisa kichwa, akachukua simu, akaniomba nitoke.

Nimekaa kwenye ngazi naandika haya. Mlango wetu mwembamba, namsikia. Anasalimia kwa utaratibu, kama inavyompasa mtu mbele ya wakwe: habari za nyumbani, habari za watoto, habari za baridi. Anakohoa, anaomba radhi, anaendelea. Bado hajafika penye jambo lenyewe. Ee Mungu, shemeji yake amsikilize mpaka mwisho.